Ramani ya Tumbo

Ijumaa usiku, nyuma ya bili ya stima,
nachora njia ya kesho kwa penseli:
kutoka Kahawa Sukari, kwa mama yake,
hadi Rongai, kwangu.
Safari fupi tu kwa mtu mwenye tumbo la kawaida.

Wakesho hana tumbo la kawaida.
Ana miaka saba na tumbo la kinanda,
kila kona hulibonyeza, likalia.

Nimekata njia ya Pangani: breki, mzunguko, breki,
moshi wa lori, breki.
Nimekata baipasi ya Kaskazini,
inayojipindapinda kama mtu aliyeulizwa deni.
Imebaki ya Mashariki, kisha ya Kusini.
Njia ya mwongo ni fupi, husema watu;
basi hii yangu ina ukweli wa kilomita hamsini.

Jumanne niliipita peke yangu, nikahesabu matuta.
Kumi na manne. Mawili hayana rangi,
hayo nimeyatia msalaba.
Ruai, upepo wa mabwawa ya majitaka: vioo juu.
Utawala, mama anayekaanga samaki: vioo juu tena,
nami nizungumze sana.
Halafu waya wa mbuga, mkono wa kushoto:
vioo chini vyote, amtafute twiga,
maana jicho likitazama mbali
tumbo husahau.

Petroli nimejaza leo, asije akainusa.
Kile kimti cha vanila kilichoning'inia kiooni
nimempa mlinzi. Sijui atakitundika wapi.

Nikamwandikia mama yake: asinywe chai ya maziwa,
mkate mkavu, tafadhali, na tangawizi kidogo.
Akajibu: Najua.
Kweli anajua. Yeye ndiye aliyeshika kopo
miaka yote niliyoshika usukani,
macho mbele, nikiuliza, "Tena?"

Mara ya mwisho ilikuwa Roysambu, juu ya sketi mpya.
Hakulia. Alisema, "Samahani, baba."
Neno hilo ndilo lililonikalisha hapa.

Samahani ya nini, mwanangu? Tumbo hili ni langu.
Nilikuwa nalo ndani ya basi la Wundanyi,
kona za mlima zikinikamua kama shuka,
mama akinishikia jani la mlimau puani,
abiria wa mbele wakivuta miguu yao.
Sikukurithisha shamba wala jina kubwa.
Nimekurithisha hili.

Jumamosi. Kopo la Kimbo mapajani, limau kiganjani,
kiti cha nyuma, katikati, aione barabara nzima.
Sikuzidisha sitini. Malori yakanipigia honi,
Proboksi moja ikafungua kioo ili initukane vizuri.
Matuta niliyapanda kama mwizi apandavyo ngazi.
Ruai, vioo juu. Utawala, tukahesabu mabati mekundu
mpaka tukagombana kama lile la zambarau lihesabiwe.
Twiga hakuonekana.
Alionekana ngiri mmoja, anakimbia,
mkia wima kama eriali ya redio,
na Wakesho akacheka hadi Lang'ata.

Langoni kwangu nikazima injini.
Kopo safi. Kavu. Nilitaka kujipigia makofi.
Akashuka, akasimama kwenye changarawe,
akavuta pumzi,
akatapika, taratibu, juu ya kiatu changu.

Akainua macho. Nikaliona lile neno linapanda kooni.
"Nani kakwambia navipenda viatu hivi?" nikamuwahi.

Akafuta mdomo kwa mkono wa sweta.
"Kesho tukirudi," akasema,
"tupite tena kwa yule ngiri."

Bili sijailipa. Iko mlangoni mwa friji.
Pale kabla ya Lang'ata, kando ya msitari,
nimeongeza mkia.