Ngazi Inayosubiri Hodi

Saa tisa kasorobo usiku. Ndege ya Doha imeshapaa,
ukumbini tumebaki mimi na Sikujua wa usafi,
na ngazi inapanda.
Inapanda, haina mtu.
Vidato vinazaliwa chini, vinakufa juu,
vinapita mlango wa nyuma kuzaliwa tena,
kama mtu anayetwanga maji
na kuwasha taa ili tumwone akitwanga.

Nyumbani Kipunguni luku yangu hulia
ikibaki na uniti tano.
Zamoyoni anakijua kilio kile kuliko cha mtoto:
huchomoa friji,
hunyoosha sare zangu za wiki nzima kwa joto moja la pasi,
husema, "Umeme si mvua, Mbaraka."
Halafu nakuja hapa, nagusisha kadi mlangoni,
nakuta chuma kinatembezwa usiku kucha
kama bwana harusi asiye na bibi.

Niliandika barua. Mbili.
Ya kwanza ilikaa chini ya kikombe cha Mhandisi Lyatuu,
ina duara la chai hadi leo.
Ya pili nilitia hesabu: saa, uniti, shilingi.
Akasema, "Ikisimama, wageni watasema mbovu.
Huu ni mlango wa nchi."
Nikasema, mlango gani, mzee,
unaofunguka na kufunga mpaka asubuhi
na hakuna aliyepiga hodi?

Tukakubaliana nusu: isisimame, ijikokote.
Tukafunga jicho pembeni mwa kidato cha kwanza
na kisanduku cha kupunguza kasi,
ambacho nilikipangusa kwa shati langu mwenyewe.
Ule mkeka unaotembea, kule kwenye milango ya ndege,
bado. Fungu halijatoka.

Alfajiri ya kwanza akaja mama wa Tandahimba,
korosho kwenye ndoo ya rangi, mdomo umefungwa kwa kitenge,
anakwenda Muskati kumwona mjukuu.
Akasimama. Akaitazama ngazi inavyosinzia.
Akavua kandambili.
Nikamwomba azivae tena, mama,
meno ya chuma hayajui adabu.
Akavaa. Akaweka mkono kifuani.
"Hodi," akasema,
akakanyaga.

Na ngazi ikaamka,
si kwa kukurupuka,
ikajikusanya kama mwenyeji anayetafuta kanga yake gizani,
ikambeba, yeye na ndoo.
Sikujua alicheka hadi akauegemea ufagio.

Bili ya mwezi ule sijaiona.
Karatasi zile hupanda, hazishuki hadi kwetu.
Ila sasa, saa tisa kasorobo,
nasikia vitu ambavyo miaka sita sikuvisikia humu:
mbu mmoja,
friji ya duka la kahawa,
ufagio wa Sikujua ng'ambo ya ukumbi,
na kwa mbali ule mkeka,
unakimbia, unakimbia,
haumpeleki mtu.