Bikoni Namba Tisa

Tulipoisimika hapa Msimbati
nilikuwa kibarua wa kuchanganya zege.
Mpima ardhi akanambia, "Shindilia, Nampunju,
mpaka huu ni wa wajukuu."
Nikashindilia.
Upande huu mikoko, upande ule minazi ya Somoe Likwata,
katikati kanda iliyokazwa hadi ikalia.

Sasa bamvua likijaa huonekana utosi tu.
Chaza wameikalia, namba haisomeki.
Ndani ya mpaka misinzi imekauka wima,
na nje ya mpaka, chini ya minazi ya watu,
michu michanga imechomoza,
vidole vyake vya kupumulia juu ya tope,
bila kibali.

Ofisini kuna ramani, ina mhuri.
Kwenye ramani hakuna kilichosogea.

Nilimwendea Somoe bila sare, japo siku hizi ninayo.
Jembe alikuwa nalo mkononi: shamba lake, haki yake.
Sikumtajia tabianchi;
neno hilo limezoea kiti cha semina na chupa ya maji.
Nilimuuliza kisima chake kilianza lini kuonja chumvi.
Akahesabu kwa minazi iliyokufa:
"Wa kwanza, Zuhura alipokuwa ananyonya.
Wa nne, juzi."

Kisha akaitazama ile miche.
"Hii inakimbia, au inahamia?"

Sikujua.
Nikasema, "Ukiing'oa haina pa kwenda.
Mbele yake bahari."
"Na mimi, nyuma yangu kuna nini?"

Nyuma yake kuna barabara, na ng'ambo ya barabara
shamba la mtu mwingine.
Nilitazama viatu vyangu vya serikali.

Alipima mwenyewe, kwa miguu. Hatua arobaini.
"Hizi naazima, sigawi.
Fidia iandikwe kabla sijazeeka zaidi,
na mizinga ya nyuki juu ya michu iwe yangu."
Barua imekwenda Mtwara mara tatu.
Ya tatu imerudi na jibu.

Leo, maji yakiwa mafu, tumeing'oa bikoni.
Ilitoka na chaza wake, nzito kama deni.
Vijana wakauliza zege liko wapi.
Nikawapa fito ya mkandaa, mbichi, yenye gome,
tukaichomeka hatua arobaini ndani.

Sikuishindilia.
Niliikanyagia kwa unyayo, kidogo tu,
ili atakayekuja kuing'oa
asiumie mgongo.