Tundu la Juu

Kuta zetu zilikuja zimesimama juu ya lori kutoka Usagara,
zimekauka tayari, zina madirisha tayari,
zimeandikwa ubavuni kwa chaki kama ng'ombe wa mnada:
K-12, K-13, K-14.
Winchi ikaziinua mojamoja, Buswelu nzima ikatazama juu,
na watoto wakahesabu ghorofa kwa siku, si kwa miezi.

Kazi yangu mimi ilikuwa chini, kwenye viungo.
Usicheke. Si viungo vya pilau.
Ni pale ukuta unapoukalia mwenzake,
nondo ya chini ikiingia mrija wa chuma wa juu,
ambao sisi mafundi tuliuita soksi,
na kati ya nondo na soksi, giza.
Giza hilo ndilo nililolipwa kulijaza.

Unasukuma uji wa saruji kwa tundu la chini.
Unasubiri.
Uji ukichungulia tundu la juu, mzito, hauna mapovu,
unapiga kizibo, unahamia soksi nyingine.
Usipochungulia, husemi "utakuwa umefika."

Hayo alinifundisha Kemilembe wa Hamugembe,
aliyekuwa na miaka kumi na tisa Jumamosi ile ya Septemba
nyumba ya shangazi yake ilipokaa chini
kama mtu aliyechoka.
Hakusimulia zaidi ya hapo. Alisema tu:
matofali hayakuvunjika sana.
Yaliachana.

Siku moja Injinia Msengi, ana haraka, ana njaa,
akanyoosha kidole kuelekea vilima vya mawe,
jiwe juu ya jiwe juu ya jiwe.
"Yale nani aliyapigia saruji? Na yapo."
Kemilembe hakuinua uso kwenye pampu.
"Mle wanalala pimbi," akasema.
"Na pimbi ana mlango kila upande."

Soksi ya arobaini na saba.
Ghorofa ya pili, pembe inayotazama ziwa.
Ijumaa, saa kumi na moja, wingu limeshaifunika Saanane,
Kemilembe kampeleka mtoto kliniki,
pampu inakohoa, uji unaanza kushika kwenye ndoo.
Nikatazama tundu la juu.
Nikatazama.
Kisha nikapiga kizibo, nikaweka vema kwenye karatasi.

Wahenga walituachia neno la ufa.
Hawakutuachia neno la tundu
lililofunikwa plasta, na juu ya plasta rangi ya maziwa,
na juu ya rangi kalenda ya chuo.
Maana sasa ni bweni. Wanalala humo wanafunzi wa uuguzi,
wanne kwa chumba.

Juzi, kabla ya adhana, sufuria zikaongea zenyewe jikoni.
Sekunde nne, labda tano.
Mbwa, kisha kimya, kisha redio za majirani.
Mke wangu alipofika uani na watoto
mimi nilikuwa barabarani, kandambili moja mguuni,
nakimbilia Buswelu.

Limesimama. Wasichana wako nje na mashuka, wanacheka kwa woga.
Kiungo chema hakikazi shingo:
kinapinda kama goti la anayepokea, kisha kinarudi.
Mamia yao yalipinda, yakarudi.
Nikaweka kiganja kwenye ile pembe.
Ukuta ulikuwa wa baridi, na haukunijibu.

Kemilembe alikuwa ameshatangulia,
kitenge juu ya gauni la kulalia,
anapita kiungo hadi kiungo na tochi ya simu.
"Za kwako nimeziruka," akasema.
"Za kwako hazinitii shaka."

Nikamtajia namba.

Hakunitukana. Ningetaka anitukane.
Alizima tochi, kulinda chaji,
akasimama gizani kitambo,
akauliza:
"Drili iko kwa nani?"