Robo Isiyozaliwa

Kizimba namba arobaini na moja,
asubuhi ya Februari, Turku ingali gizani,
namkuta ameshazaa.
Nahesabu kwa ncha ya kibanio: sita,
wekundu, vipofu, wazito wa karanga mbilimbili.
Naandika sita. Jana kizimba cha jirani, saba.
Juzi watano.

Tuure, mwanafunzi wetu, anafurahi: wote wazima!
Wazima, ndiyo. Hesabu ndiyo mgonjwa.
Baba ana nakala moja nzima na moja tuliyoing'oa,
mama vivyo hivyo;
robo ya watoto wangekosa zote mbili.
Nimekata vincha vya mikia, nimesoma mistari kwenye jeli,
watoto themanini na wanne hadi leo,
na robo ile haimo.
Hakuna maiti ya kuokota kwenye pamba.
Hawakufika tu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Nainama, mgongo wa miaka hamsini na tisa ukinung'unika,
nawatafuta kwa kurudi nyuma, siku hadi siku.
(Kila siku ninayoirudia ina mama mmoja ndani yake.
Nimemlaza kwa mkono huu. Sisemi zaidi.)

Siku ya kumi: mji wa mimba kama shanga kwenye uzi,
na kati ya shanga, moja ndogo, nyeusi,
mwili umekwisha kuifyonza.
Siku ya saba: chumba kimejengwa, mgeni hayumo.
Siku ya tatu na nusu —

hapo wamo.
Viputo vya seli sitini hivi, vyenye uwazi ndani,
vimetulia chini ya hadubini.
Tukapima kimoja kimoja. Robo yetu, kamili,
wala kwa macho huwezi kuitenga na wenzake.

"Irmeli," Tuure ananiuliza, "kama jeni hii ni nguzo,
nyumba ilisimamaje siku tatu bila nguzo?"

Kwa akiba, namwambia.
Yai halikuondoka mikono mitupu. Lilifungashiwa.
Mama alitia humo, kabla ya kujua nani atakuja,
chakula cha siku tatu, labda nne.
Mtoto hana jiko, ila alipewa kiporo.
Kinapokwisha, anageukia moto wake mwenyewe
na mahali pa mafiga hapana hata jivu.

Tuure anaandika. Ana mwandiko mzuri.

Mimi nyumbani nina jokofu la mama yangu.
Alikufa Oktoba, baada ya kuchuma.
Matunda ya msituni, mekundu, makali kidogo ulimini,
makopo kumi na moja, kila moja na mwaka wake kwa kalamu ya bluu.
Yamebaki mawili.
Uji wa matunda yale aliupika bila kupima kitu
nami sikuwahi kusimama karibu na sufuria.
Nilikuwa na haraka. Siku zote nilikuwa na panya wa kuhesabu.

Jeni yetu haina jina bado, ina namba tu.
Tutakapoiandika, tutaieleza kwa pengo lake:
hii ndiyo ile ambayo, isipokuwepo,
siku ya nne haiji.

Jumatatu naanza kuangalia siku ya nne.
Leo kizimba arobaini na moja wanataka pamba mpya,
na yule wa sita, mdogo, amesukumwa pembeni.
Namrudisha katikati, penye joto.