Kusitisha

Miaka kumi na minne nilikuwa sauti ya watu wengine,
ndani ya kibanda cha kioo, visikizi masikioni,
Kiswahili changu kikifuata kinywa cha balozi
kama mbwa anavyofuata mchungaji.
Sasa nimerudi Bahi. Asubuhi tunakwangua udongo wa mbuga
mimi na dada yangu Penina,
tunauchuja, tunauchemsha, tunangoja chumvi.

Redio inasema mazungumzo yamevunjika tena.
Penina hainui macho.
“Kwani yalikuwa mazima lini?”

Siku kumi na tisa walibishania neno moja.
Upande huu ulitaka *kukomesha*.
Upande ule ulitoa *kusitisha*.
Nilimeza maji, nikayapitisha yote mawili bila kukwama,
huku nikijua kwamba moja ni kuzima moto
na jingine ni kuufukia majivuni
upate kuamka alfajiri.
Usiku wa ishirini wakachoka. Likapita la majivu.
Kalamu, makofi, picha,
mikono ikashikana kwa muda mrefu
kuliko imani iliyokuwemo.

Wakaguzi wakaenda. Lakiri ni nzima, waliandika.
Kufuli ni nzima. Kamera inaona.
Kamera iliutazama mlango.
Hakuna aliyeitaka itazame ukuta.

Penina ana kesi yake: mbuzi wa Chidumizi na mpunga wetu.
Mara tatu ofisi ya kata, mara tatu mhuri,
faini elfu thelathini, soda ya upatanisho.
“Na bado wanaingia,” nikamwambia.
“Wanaingia. Lakini wiki za kesi huwafunga.
Mwaka jana mpunga uliiva
katikati ya kesi ya pili.”

Nyuma ya jaruba kuna shimo.
Wapimaji walilitoboa, wakaliziba kwa saruji,
wakachora namba arobaini na saba, wakaondoka.
Chini yake, inasemekana, limelala jiwe lile lile
linalowakosesha watu usingizi huko ng'ambo.
Watoto wa Chidumizi hukalia kizibo wakimenya karanga.
Maganda yote huyaacha pale.

Kuna sentensi moja sikuitafsiri.
Ilikuwa siku ya mwisho, taa ya kipaza sauti imezimwa,
na mjumbe wao mzee anafunga vifungo vya koti.
Alisema taratibu, kama anayeliambia koti:
“Miaka yote tulipokuwa hatuna kitu,
nani alituvutia kiti?”

Kazi yangu ilikuwa maneno ya taa iliyowaka.
Nikavua visikizi, nikaenda kula.

Namsimulia Penina leo, miaka sita imepita.
Anakoroga sufuria, moshi unamtoa machozi,
au si moshi.
“Ungeitafsiri,” anasema, “wangefanya nini?”

Sijui.
Wangeomba mapumziko ya dakika kumi, labda.

“Ongeza kuni,” anasema. “Chumvi haijakaa.”