Nukta Sita

Kitabu changu cha alama kina doa la chai
kwenye ukurasa wa siku uliyokuja Ruaraka,
si kucheza, Zipora: kuokota mipira
iliyoruka ua na kuangukia migomba ya jirani.
Shilingi kumi kila mmoja.
Wa nne uliurudisha kwa mkono wa kushoto,
ukadunda, ukapinda ghafla
kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani.
Kocha Bhamra akatua kikombe.

Mimi kazi yangu ni penseli.
Mpira usiozaa mbio huwa nukta;
nukta sita katika ova moja
huunganishwa kwa mstari, zikawa M.
Mwaka ule nilichonga penseli kwa kisu cha jikoni
hata ikawa fupi kuliko kidole gumba.
Nikakutania: M ya Makungu.
Ukasema hapana, ni ya mama,
aliyeuza meza ya kioo ununue njumu.

Miaka kumi na tisa, jezi ya taifa.
Kampala, Gaborone, Windhoek.
Nilikufuata kwa simu yenye kioo kilichopasuka,
nikiandika kila mpira, ingawa hakuna aliyenituma.
Ova nne, mbio tisa, wiketi tatu!
Baba Dogo wakakuuliza:
kriketi si ule mchezo wa kwenda kunywa chai katikati?
Ulicheka.
Posho ya Windhoek ilichelewa miezi minane.
Mwenye nyumba hapokei wiketi.

Mwaka jana timu haikusafiri popote.
Sasa uko kwenye kaunta ya duka kuu, barabara ya Thika,
ukipitisha unga, sabuni, unga,
mkono ule ule.

Jumamosi ulikuja na sare ya kazi.
Uwanja ulikuwa umekodishwa kwa arusi,
vigingi vya hema vimepigiliwa
pale pale mpira wako ulipozoea kudunda.
Hukusema neno. Ulivua viatu,
ukaenda pembeni kwenye nyasi ndefu,
ukarusha mmoja.
Wahudumu wakasimama na sinia zao.
Wa pili. Shangazi mmoja wa bibi arusi
akauliza kwa sauti: huyu anamrushia nani?
Ukafika sita.

Kitabu kilikuwa kwapani, mazoea tu.
Nikaweka nukta, nikaziunganisha,
nikaandika tarehe, jina lako upande wa mrushaji.
Upande wa mpigaji penseli ikagoma.
Nikainua kichwa nikuulize,
nawe ulishavaa viatu:
zamu ya jioni huanza saa kumi.