Robo Mzunguko

Julai hapa Nairobi mbingu ni sufuria kuukuu.
Saa mbili asubuhi, uwanjani, nyuma ya Ridgeways,
nyasi zingali na maji,
na mitungi nimeilaza juu ya gunia.
Naipima homa kwa mgongo wa mkono:
baridi, baridi, baridi.

Gesi ikipoa huwa mvivu.
Tufe la rangi latoka mtutuni
kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake,
lajikokota, lainama,
ladondoka hatua kumi kabla ya matairi.

Nafyatua mbele ya kipimakasi.
Mia mbili na kumi.
Tena. Mia mbili na tano.
Kila mlio unaiba joto, mtungi unatoka jasho la barafu,
namba inashuka kama bei ya sukuma wiki magharibi ikiingia.

Natoa alenki mfukoni, ya Grogan, ya shilingi thelathini.
Robo mzunguko, kulia.
Springi inakaza meno.
Mia mbili sitini na nane.
Hapo. Asiguse mtu.

(Wateja huniuliza kanieneo ni nini.
Nawaambia, mama yangu Kawangware alikuwa na sufuria ya presha.
Kile kidude cha juu kikicheza, tulijua tutakula.
Siku kilipoziba
githeri ilikaa darini wiki nzima.)

Saa nne basi linashusha watu wa bima,
fulana mpya, vicheko vya kumsikilizisha bosi.
Na bosi ni Bwana Kirera.
Anapokea bunduki, ananiita "mama",
hanijui ndani ya barakoa hii.
Miaka sita niliketi hatua nne kutoka mlangoni pake.
Akanifuta kazi kwa ujumbe wa simu, Ijumaa,
herufi chache kuliko zilizochongwa kwenye mtungi.

Naliaka wa uhasibu anabaki nyuma ya foleni.
Ananong'ona: Fundi, nipandishie kidogo.
Kidogo tu. Yule yuko timu ya pili.

Jua limeshatoka. Mitungi imeamka,
gesi ina maneno mengi.
Bunduki yake, bila kuguswa, inasoma mia mbili tisini na tisa.
Robo kulia, itapita mia tatu na ishirini,
na huku juu hewa ni nyepesi, haibishani sana na kitu kinachopita:
tufe litafika likiwa bado na hasira.
Doa litakuwa zambarau, chini ya ngozi,
la kulalia tumbo wiki mbili.

Nazijua namba.
Alenki imekaa kwenye tundu lake.
Kidole gumba kinangoja.

Nikazungusha.
Kushoto.

Ni joto, nikamwambia, limepandisha.
Mia mbili sabini na moja.
Usifyatue mfululizo, utaigandisha.
Moja. Hesabu hadi tatu. Moja.
Na msogelee, Naliaka. Ukitaka nguvu zaidi
tufe litapasuka humo humo mtutuni,
utatema rangi miguuni pako mwenyewe.

Saa saba wakarudi.
Mgongoni mwa Bwana Kirera, katikati kabisa,
duara la chungwa,
safi kama muhuri wa ofisi.
Alikuwa anacheka. "Kumbe hata haiumi!"

Niliupokea mtungi wake, nikafungua vali,
nikaachia kilichobaki.
Kilitoka kwa mluzi mrefu,
mrefu kuliko nilivyodhani kimebaki.